Mtu Niliyemkuta Korongoni

Mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba ndiyo kwanza walikuwa wameanza kufika Nkololo na malori yao, kila mmoja na mizani yake. Asubuhi ninayoikumbuka tulikuwa nje ya nyumba, mimi, mama na mdogo wangu Masunga, tunachambua pamba: safi huku, fifi yenye madoa kule. Masunga alitaka kuwahi malishoni, akawa anarusha fifi kwenye lundo la safi.

"Masunga, mimi si kipofu," mama akasema.

"Wanunuzi wa siku hizi hawaangalii, mayu."

"Mungu anaangalia."

Tukacheka. Mama ndiye aliyetuingiza kanisani. Baba alikufa akiwa bado anatambikia mizimu ya kwao, lakini mama alibatizwa, na mimi nikamfuata. Wakati ule nilikuwa nafundisha darasa la ubatizo, na Masunga alikuwa mmoja wa wanafunzi wangu.

Vita vyetu havikutangazwa redioni. Wezi wa ng'ombe walikuwapo tangu enzi za babu zetu, ila wa zamani walikuja na mishale kama sisi. Miaka ile walianza kuja na bunduki za kivita, zilizovuka mipaka kutoka vita vya watu wengine. Sisi tulikuwa na jeshi la jadi: pinde, mishale, filimbi, na mwano, ule ukelele wa hatari unaopokelewa kaya kwa kaya.

Walikuja siku ileile, mchana kweupe. Nilisikia milio ya risasi upande wa lambo, alikokuwa Masunga akinywesha ng'ombe wetu, kisha mwano.

Nikakimbia.

Masunga alikuwa amelala chini karibu na maji, risasi imemwingia ubavuni. Alikuwa bado hai.

"Kaka, wamechukua wote," akasema.

Hakusema tena.

Mama alifika akiwa na nyuzi za pamba kwenye nywele. Hakulia. Alimfunika mwanawe uso kwa khanga, akanigeukia.

"Nenda. Usirudi mikono mitupu."

Sikuwahi kuisikia sauti ile kwake.

Tulifuata nyayo siku mbili kuelekea porini, wanaume thelathini hivi, tukiongozwa na kamanda wetu Luhende. Masunga alizikwa nikiwa huko. Siku ya pili, kabla ya adhuhuri, walitufyatulia risasi kutoka kwenye vichaka.

Wenzetu wawili walianguka.

Tulitawanyika. Niliteleza hadi ndani ya korongo kavu, nikatambaa. Penye kona nikamkuta mtu ameegemea ukingo.

Mguu wake ulikuwa umevunjika chini ya goti, mfupa uko nje. Wenzake walikuwa wamechukua bunduki yake na kumwacha. Shingoni alikuwa amening'iniza redio ndogo ya Masunga, ile aliyoinunua baada ya kuuza pamba ya mwaka uliotangulia.

Niliweka mshale kwenye upinde, nikauvuta.

"Maji," akasema.

Hakuna aliyekuwa akituona. Luhende angenisifu, mama angepumua. Mkono wangu haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linaloniogopesha mpaka leo.

Jumapili iliyotangulia nilikuwa nimewauliza wanafunzi, kama tunavyowauliza wote wanaojiandaa kubatizwa, kama wanamkataa shetani na kazi zake. Masunga alinyoosha mkono. "Na kama shetani akija na sababu nzuri?" Darasa likacheka. Nilimjibu harakaharaka, kimwalimu tu: "Mkatae kwanza. Sababu utaiuliza baadaye."

Sasa sababu ilikuwa mbele yangu, nzuri kuliko zote.

"Bwana, nishike mkono," nikasema. Sikuona nuru yoyote. Nilisikia nzi tu kwenye kidonda. Nilisema tena, na tena, mpaka bega likachoka, nikashusha upinde.

Nilimpa maji kutoka kwenye kibuyu changu. Nilimchukia nikimnywesha. Alipomaliza akasema, "Si mimi niliyepiga." Sijui kama alisema kweli.

Wezi walipokimbia na kuacha baadhi ya ng'ombe, Luhende na wengine walitukuta pale. Aliiona ile redio, akajua.

"Pisha," akaniambia.

"Nimemkamata mimi. Anakwenda polisi Bariadi."

"Kaburi la mdogo wako bado bichi, na wewe unamlinda huyu?"

"Najua, kamanda. Sipishi."

Alitema mate chini, akaamuru wakate miti ya machela. Njia nzima hakuna aliyenisemesha. Ng'ombe tuliowarudisha hawakufika nusu.

Mama alikuwa amesimama nje.

"Umemkuta?"

"Nimemkuta, mayu."

"Yuko wapi?"

"Polisi."

Aliingia ndani. Tangu siku ile alinipikia na kunijibu salamu, basi. Kanisani hakukanyaga tena. Mimi niliendelea kufundisha, na kila Jumapili nilipita mlangoni kwake, nikasimama kidogo, nikaenda peke yangu. Nilisikia yule mtu alifungwa. Sikufuatilia.

Miaka ilipita hivyo. Mama alipougua mara ya mwisho, aliniita kitandani.

"Ungemuua, siku ile ningelala usingizi," akasema.

"Na siku iliyofuata, mayu?"



"Hiyo ndiyo sijui."

Alinishika mkono, akaushikilia mpaka akasinzia. Hatukulizungumza tena.

Siku hizi wananiomba nitoe ushuhuda. Wanataka niseme kwamba nilipata amani pale korongoni. Nawaambia kwamba sikuua, na kwamba niliishi na mama yangu miaka yote ile kama wapangaji wawili. Mungu alinishika mkono. Mengine hakuyaondoa.

Yule mtu sikumuuliza jina. Ninapomwombea, namtaja kama yule wa korongoni. Ziko siku nashindwa hata hilo, nanyamaza, nasubiri kesho yake nijaribu tena.