Mguu Wangu na Yule Mtu wa Viatu vya Kahawia

Baba yangu alikuwa na dume mweusi mwenye doa jeupe begani. Huko kwetu Isukha, dume wa kupigana si ng'ombe tu, ni mtu wa nyumba. Alikuwa analishwa kwanza, sisi watoto baadaye. Mara nyingine nililala njaa na dume ameshiba, na sikuona ubaya, kwa sababu Jumamosi akishinda tulikuwa tunaruka nyuma yake kijiji kizima, hata wenye njaa.

Dume akazeeka. Siku moja akaja mnunuzi kutoka upande wa Mumias. Wakaongea na baba, wakaelewana, mnunuzi akalipa. Halafu akashika kamba.

"Hiyo acha," baba akasema.

"Sasa nimpeleke na nini, nimvute masikio?"

Watu wakacheka. Baba hakucheka. Kwetu ukiuza ng'ombe, kamba inabaki. Wazee walikuwa wanasema ukitoa kamba umetoa na zizi lote linalofuata. Lakini baba alikuwa na sababu yake nyingine, na aliniambia tukikata nyasi. Mtu akionekana njiani na kamba yako mkononi, kila mtu ataamini wewe ndiye umemtuma. Atasema lolote kwa jina lako.

Yule mnunuzi akanung'unika. Akaenda dukani Shinyalu, akanunua kamba yake ya katani, akarudi, akamfunga dume, akaenda naye. Alikuwa mtu mzuri tu. Baba alimshuku bure. Nawaomba mkumbuke hilo, kwamba alirudi na kamba yake.

Sasa mguu.

Mimi naitwa Zablon. Shule niliacha darasa la pili, mwalimu alinichapa kwa kosa la mwingine nikaona hakuna haki pale. Nilikuja Mautuma nikiwa kijana nikalima mahindi, na nalimanga mpaka leo. Mke wangu alitangulia. Nimebaki na binti mmoja, Ayuma, anashona sare za shule mjini Kakamega. Macho yakaanza kuwa na ukungu, hata Biblia ya maandishi makubwa nikawa naiona kama siafu wanatembea. Ayuma akaniita mjini niende kliniki ya macho.

Tulipotoka kliniki wingu lilikuwa limeshuka, mnajua mvua ya Kakamega, haikosi saa yake ya mchana. Ayuma akasema ataita gari kwa simu. Mimi sikuamini. Mtu hajakuona, hujampungia mkono, na anajua umesimama wapi.

"Amejuaje?" nikauliza.

"Baba, ni simu."

"Hiyo simu inajua mengi kuliko mchungaji."

Gari likaja, dogo, jeupe. Dereva akashusha kioo akamwambia Ayuma, "Madam, si umeona meseji yangu? Katisha hiyo safari kwa simu. Nitawapeleka tu, tutaelewana sisi wenyewe. Hawa wa kampuni wananikata sana."

Ayuma akabonyeza. Nilikaa mbele kwa sababu ya magoti yangu. Niliona kidole chake kikibonyeza, na nikasema moyoni kwamba jambo zuri halihitaji kufichwa. Lakini mvua ilikuwa imeanza, nikafunga mlango.

Hatukufika mbali. Kulikuwa na trela ya miwa imesimama barabarani baada ya kona. Haikuwa na kibao cha onyo, hata tawi la mti nyuma halikuwepo. Dereva alikuwa anasoma simu yake. Miwa iliingia kwa kioo cha mbele. Mmoja ulipita kati ya kichwa changu na chake, ukaenda ukachoma kiti cha nyuma, karibu na Ayuma. Mguu wangu wa kulia niliusikia ukilia kama kuni kavu. Kisha sikusikia kitu. Nikatazama chini, kiatu changu kilikuwa kinaangalia nyuma.

Ayuma alikuwa na damu kwenye paji la uso, lakini ndiye alinivuta nje. Dereva alikaa kwenye nyasi na mvua inamnyeshea, anasema, "Gari si yangu. Gari si yangu." Nilimhurumia, baadaye nikaacha, baadaye tena nikamhurumia. Polisi wakaja, wakaandika.

Hospitalini daktari alikuwa mama mmoja mwenye sauti kubwa. Akaniambia, "Mzee, mfupa umetoka nje chini ya goti. Tutaweka chuma."

"Chuma cha nani?"

"Chako. Utazikwa nacho."

Akacheka. Sikupenda kicheko chake. Lakini nawaambia ukweli, mikono yake ilikuwa mizuri. Aliniwekea chuma, na siku ya tano kidonda kilipoanza kutoa usaha, harufu kama panya amefia kwenye ghala, yeye ndiye aliinama pale bila kuziba pua. Walikuwa wanakiosha kila asubuhi. Nililia, mimi mtu mzima, nikamwita mama yangu ambaye hata kaburi lake sasa ni shamba la chai la mwingine. Homa ikapanda. Niliona wale siafu wa Biblia wakitembea ukutani.

Ni katika hiyo homa alikuja mtu wa viatu vya kahawia. Nje mvua, wodi imejaa matope, na viatu vyake vinang'aa. Akainama kando ya kitanda.

"Mulembe, Kuka."

Alinisalimu na kuniita babu kwa lugha yangu. Akaniuliza kama mimi ni wa upande ule wa kilima au huu. Akataja mto tuliokuwa tunaogelea. Jina lake akasema ni Meshack, kazi yake kusaidia watu walioumia kwenye ajali, wakili wake yuko mjini, kila kitu kiko tayari.

"Weka kidole hapa tu, Kuka. Tuwahi bima kabla hawajafunga faili."

Nikaweka. Sikusomewa, sikuuliza. Mtu akitaka kunidanganya kwa Kiswahili nitamkamata, kwa Kizungu nitamkimbia, lakini akija na lugha ya mama yangu nitamfungulia mlango nikiwa uchi. Na ile dawa ya maumivu ilikuwa imenifanya mtu mwema. Akasema karatasi za polisi na za hospitali zikitoka atazijia, orijino, si kopi.

Alipoondoka nikabaki natazama kidole changu chenye wino wa buluu. Ndipo nikajiuliza: alijuaje kitanda changu?

Kuanzia hapo sikulala vizuri. Nilimshuku muuguzi mmoja, nikamshuku yule mgonjwa wa kando ambaye hakuwa na mgeni hata mmoja na bado ana soda kila siku. Na Mungu anisamehe, nikamshuku binti yangu. Kila akija, anageuza simu uso chini. Ikilia anatoka nje kuongea.

"Unaongea na nani?"

"Na wateja, Baba."

Wateja gani wa sare, na shule zimefungwa?

Niliporuhusiwa kutoka alinipeleka nyumbani kwake. Akanichinjia ingokho, kuku wa kwetu, akanisongea obusuma, ugali wetu, akaniosha mguu kwa maji ya chumvi. Karatasi zangu, ile abstrakti ya polisi inayothibitisha ajali, ile fomu ya P3 ambayo daktari alijaza kueleza majeraha, picha za mfupa, risiti za dawa, zote nilizitia kwenye mfuko wa nailoni nikazilalia chini ya godoro.

"Baba, nipe niziweke kabatini. Zitakunjika."

"Wacha zikunjike."

"Unaogopa nini?"

Akaweka sufuria chini.

"Unaniona mwizi, Baba?"

Nikausukuma mfuko ndani zaidi chini ya godoro, na hilo likawa jibu. Alilia kama alivyolia siku tuliyomzika mama yake. Halafu akaleta simu, akaketi sakafuni karibu na mguu wangu mbaya.

"Ni mimi nilikatisha ile safari," akasema. "Nawapigia wale wa kampuni kila siku. Wananiambia kwa mitambo yao hakuna safari, hatukuwa ndani ya gari lao. Nimekupotezea haki yako kwa kidole kimoja. Niliogopa kukuambia."

Kidole chake kimoja, na changu kimoja. Nikamwonyesha changu. Wino ulikuwa umetoka lakini mimi niliuona bado. Nikamweleza habari ya viatu vya kahawia. Tukakaa hapo wawili, wajinga wa nyumba moja. Nikamshika kichwa, penye kovu.

"Na ile meseji ya dereva?" nikauliza. "Ile alisema umeiona?"

Alikuwa hajaifuta. Akanisomea: "Madam nikifika katisha tuelewane."

Mchungaji wa Ayuma alituambia kuna ofisi karibu na mahakama inayosaidia bila malipo watu wasio na uwezo. Mimi mtu wa bure namwogopa kuliko wa kulipwa, nikamwambia Ayuma tukae karibu na mlango. Wakili alikuwa msichana mdogo, anaitwa Nekesa. Nikamuuliza amesoma wapi. Nikamuuliza anamjua Meshack. Nikamuuliza nani anamlipa. Ayuma ananifinya, mimi naendelea. Yule wakili alijibu yote, moja moja, hakukasirika.

Halafu akauliza yeye. "Baba, ile karatasi uliyoweka kidole, ulisomewa?"

"Hapana."

"Uliachiwa kopi?"

"Hapana."

"Basi leo tunaandika barua, kwamba huyo mtu hakuwakilishi, na hukujua ulichowekea kidole. Nakala tunapeleka polisi."

Kuhusu safari alisema hivi, na nilimfanya arudie mara mbili. Kukatishwa kwa simu si mwisho wa haki. Polisi waliandika kwamba nilikuwa ndani ya gari, na mguu wangu unasema hivyo pia. Gari lile lina bima, itaandikiwa. Trela ya miwa ina mwenyewe, ataandikiwa. Kampuni ya gari la simu nayo itaulizwa, na meseji ya dereva ndiyo itawafanya wajibu. "Hiyo meseji msiifute hata simu ikijaa," akamwambia Ayuma. Akasema sheria inatoa miaka mitatu tangu siku ya ajali kupeleka kesi, lakini nisikae nikiihesabu.

Akachukua mfuko wangu. Akatoa kopi za kila karatasi, mashine ikalia pale kwenye kona, kisha akanirudishia orijino mkononi. Si kwa Ayuma, mkononi mwangu.

"Hizi ni zako. Siku ya mahakama utazileta mwenyewe. Mtu akikuomba kabla ya hapo, muulize za nini."

Hapo nilimwamini nusu. Nusu nyingine bado naichunga, na yeye anajua, tunacheka naye.

Nilirudi Mautuma na magongo mawili. Mguu ulikuwa mwembamba kama mche wa mahindi uliokosa mbolea, ngozi inang'aa, vidole vimevimba. Nilikuwa natembea kati ya mistari ya mahindi, kwa sababu ukianguka huko hakuna mtu wa kukucheka. Mstari mmoja, napumzika. Kesho mistari miwili. Siku niliyofika mwisho wa shamba na gongo moja nilimshukuru Mungu kwa sauti, nikamshukuru yule daktari wa kicheko kibaya, nikamshukuru Ayuma, mpaka jirani akatoka kuona nani anahubiri. Leo natembea. Mvua ikikaribia chuma kinaniambia kabla ya redio. Kesi bado iko, sijui itaisha vipi, na atakayekuambia anajua, huyo mkimbie.

Wewe uliye kitandani sasa na mguu juu, sikiliza mzee. Polisi wakiandika, uliza nambari ya ripoti yao na uihifadhi. Kila karatasi ya hospitali iweke, hata ya panadoli. Ukiwa na dawa kichwani usiweke kidole popote, hata mwenye karatasi akilia. Gari la simu likikuambia ukatishe safari, shuka unyeshewe. Na usimshuku mwanao kabla hujamuuliza. Hilo lilinipa kidonda ambacho daktari hakukiosha.

Meshack alikuja Mautuma msimu wa kuvuna. Sikumwelekeza kwangu, na mpaka leo sijajua nani alimwelekeza. Ilikuwa asubuhi, napukuchua mahindi mlangoni, Ayuma yuko ndani ananipikia chai.

"Mulembe, Kuka. Naona umepona! Nimekuja kuchukua zile orijino."

"Keti. Chai inakuja."

Ayuma akaleta chai, na bahasha. Ndani kulikuwa na kopi za kila kitu. Nikamsukumia.

"Kopi hazifanyi kazi, Kuka."

"Kwa wakili wangu zinafanya."

Macho yake yakaenda kwa Ayuma, yakarudi kwangu. Bado alikuwa anatabasamu. "Umechukua wakili mwingine? Na wewe ulishaweka kidole kwangu?"

"Hiyo karatasi umekuja nayo?"

"Iko kwa gari, pale barabarani."

"Ilete basi. Binti yangu anisomee, yote, mpaka chini. Kama ni nzuri nitakupa unachotaka."

Nilisema kweli. Moyoni nilijiambia, tuone kama huyu naye ana kamba yake.

Akasimama, akapangusa suruali. "Nakuja sasa hivi, Kuka. Chai isipoe."

Akashuka kwa njia ya kati ya mahindi, anarukaruka matope ili viatu visichafuke. Nilitega sikio nisikie gari likiwaka. Sikusikia. Ayuma akafunika kikombe na kisahani. Nikapukuchua gunzi, nikapukuchua lingine, debe likajaa, nikaanza la pili, na lile la pili pia likajaa.

Hakurudi.