Supachaja kwenye Pikipiki ya Adil

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, kila nikisikia vijana wa Buswelu wamekata eksozi za pikipiki zao ili zipige kelele zaidi. Ilikuwa Jumamosi, ziwa limetulia, na wale wadudu wa ziwani wamepanda juu ya maji kama moshi. Mimi nilikuwa kijana wa dukani. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina mpango wowote, ila miguu ilikuwa inaniwasha kuondoka Mwanza. Nimeondoka mara nyingi tangu hapo, na kila mara nimerudi.

Duka lilikuwa la vipuri, mali ya familia ya Wahindi Waislamu waliokuwa hapa tangu enzi za babu yao. Mtoto wao Imtiaz alikuwa rika langu na rafiki yangu. Kaka yake mkubwa, Adil, alikuwa amefariki kwa malaria, akaacha pikipiki kubwa ya silinda nne aliyoinunua kwa Mzungu mmoja msafiri aliyechoka na barabara zetu. Mama yao, ambaye mtaa mzima uliendelea kumwita Mama Adil, hakutaka iuzwe. Alimruhusu Imtiaz aiendeshe, na jioni alikaa kwenye roshani juu ya duka, akichambua dengu, akisikiliza. Mlio wa injini ile ulikuwa mzito, wa chini, kama mzee anayesafisha koo kabla ya kuongea. Mama hakuangalia barabarani. Pikipiki ikikaribia kona, uso wake ulilegea, basi. Sote pale dukani tulijua anamsikia nani, na hatukulisema.

Wakaja vijana wawili wa Musoma na pikipiki mpya kabisa. Wakamwacha Imtiaz nyuma kwenye barabara ya Kisesa, kisha mmoja akamwambia mbele za watu, "Bwana, hiyo kafungie tela, ubebee pamba." Watu walicheka. Hata mimi nilicheka, halafu nikaona masikio ya Imtiaz yamekuwa mekundu. Wakapanga kukutana tena.

Binamu yake wa ng'ambo ndiye aliyemletea ile supachaja. Kama hujawahi kuiona, ni feni iliyofungiwa ndani ya chuma, inazungushwa kwa mkanda na injini yenyewe, nayo inasukumiza hewa ndani ya injini kwa nguvu. Hewa ikizidi na petroli ikizidi, nguvu inazidi. Fundi Masanja wa Mabatini aliishika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Alichonga vishikizo, akatafuta mkanda, na kwenye mdomo wa kuvutia hewa akafunga kipande cha chandarua ili injini isimeze wadudu wa ziwani. Tulicheka sana siku ile.

"Hii ni ya kujaribia tu," Masanja alituonya. "Mkitaka ifanye kazi kweli, injini lazima ifunguliwe. Pistoni za zamani tunatoa, tunaweka nyingine, la sivyo itajipasua. Na nikishafungua, msiniambie rudisha ilivyokuwa. Haitarudi."

"Fungua Jumatatu," nilisema mimi, kana kwamba pikipiki ni yangu.

Imtiaz akasema aifikishe kwanza nyumbani, aisikie barabarani. Mimi nikatangulia dukani. Mama Adil aliniita juu nimsaidie kushusha gunia, nikamwamkia, akaitikia marahaba, akarudi kwenye ungo wake. Mara tukasikia kitu kinakuja. Mwanangu, ule haukuwa mlio wa pikipiki. Ilikuwa mluzi mkali, kama mashine ya kusaga iliyokosa mahindi. Watu walitoka madukani. Mama aliendelea kuchambua dengu zake.

Imtiaz akasimama chini ya roshani, bado ameikalia, anacheka kwa furaha. "Mama! Umeona?"

Mama akainama juu ya ukuta, akamtazama mwanawe kwa upole. "Umerudi? Na pikipiki ya Adil umeiacha wapi?"

Imtiaz akazima injini. Akakaa pale juu ya kiti, mikono kwenye usukani, kama mtu aliyesahau jinsi ya kushuka. Mama akaitazama vizuri, akalitambua tangi lake. Hakugomba. Alisema tu, "Aa," akarudi kukaa, na ule ungo hakuushika tena.

Siku hiyohiyo tulirudi Mabatini.

"Toa," Imtiaz alisema.

Masanja akadhani anatania. "Nitoe nini? Mkono wangu umechubuka kwa ajili ya huo mkanda!"

"Samahani, fundi. Toa yote."

Mimi ndiye niliyepandwa na hasira. Nilimwambia vijana wa Musoma watamcheka mpaka Bunda. Nikamuuliza, "Kwani unamwogopa mama?"

"Ndiyo," alinijibu. Baadaye akaongeza, "Makoye, pikipiki ya kukimbia naweza kupata nyingine."

Siku ya kukutana walipanga kuanzia Kisesa hadi mjini. Mimi sikwenda, sikutaka kumuona akishindwa. Nilibaki na Mama Adil kwenye roshani. Ikapita pikipiki ya kwanza, vijana wakashangilia. Mama akatikisa kichwa. Ikapita ya pili. Akatikisa tena. Nilikuwa naangalia barabara tupu nikiona aibu kwa niaba ya rafiki yangu, ndipo mama akaniwekea mkono begani.

"Wangu ndiye huyo wa nyuma," alisema.

Mimi nilikuwa bado sijasikia kitu.

Miaka mingi imepita. Nimeishi Kigoma, nimeishi Mbeya, nimeuza dagaa hadi ng'ambo ya mpaka. Nilipokuwa Kigoma mama yangu mzazi alifariki nyumbani kwetu Butimba, na niliporudi niliizunguka nyumba nikitafuta kitu chochote chenye sauti yake. Mlango ulikuwa umebadilishwa. Redio ilikuwa mpya. Hapo ndipo nilipomwelewa Imtiaz, nikiwa nimechelewa.

Sasa sikiliza, mwanangu. Sikuambii usiongeze nguvu. Ujana bila mbio ni ugonjwa, na mimi mwenyewe nimekimbia kuliko wengi. Ongeza nguvu kwenye kilicho chako peke yako, ukipasue ukitaka, utajifunza. Lakini kitu ulichoachiwa na mtu, iwe nyumba, iwe shamba, iwe pikipiki, usikifungue kabla hujauliza nani bado anakisikiliza. Kuna mabadiliko ambayo fundi hawezi kuyarudisha hata akiwa hodari namna gani. Na siku ikibidi uchague kati ya kushinda mbele za watu wa barabarani na kubaki mtu anayetambulika nyumbani kwenu, kubali kuchekwa. Kicheko cha barabarani kinaisha kabla vumbi halijatua.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe mwendo unaoutaka na akili ya kuumudu. Na popote utakapozunguka, akuwekee mtu mmoja atakayekujua kwa mlio tu, hata ukifika wa mwisho.