Kahawa Niliyomkatalia Bibi

Kosa langu la kwanza baada ya kubatizwa lilikuwa kumwaibisha bibi yangu mbele ya wageni wake, na nililifanya nikiamini kabisa kwamba Mungu ananipigia makofi.

Nimelikumbuka wiki iliyopita pale stendi ya Nyegezi, Mwanza. Mama mmoja aliyeshuka kwenye basi la Bukoba alikuwa anauza kahawa ya kutafuna, ile tunayoiita akamwani, imefungwa kwenye majani makavu ya mgomba. Kama umekulia kwa watu wa Kagera, harufu yake unaijua: moshi kidogo, majani ya porini kidogo, na uchungu unaofika puani kabla ya ulimi. Nilinunua kifurushi kimoja, nikakishika mkononi njia nzima bila kukifungua.

Nyumbani kwetu ni upande wa kushukia ziwani, ambako mawe ni makubwa kuliko nyumba na watu huanika nguo na dagaa juu yake. Mama aliingia kanisani nikiwa mdogo, nami nikabatizwa nilipofikisha miaka minane. Majirani walituita Wamormoni. Wengi hawakujua tunaamini nini. Walijua tu kwamba hatunywi chai wala kahawa, na hilo liliwatosha kutushangaa.

Nililipenda lile kanisa, rafiki yangu, na sitaki kukuambia vingine. Lilikuwa ukumbi wa kupanga wenye viti vya plastiki, na watu tulikuwa wachache kiasi kwamba asiyekuja alitafutwa kwao jioni ileile. Nilipenda ukimya wa wakati mkate na maji vinapitishwa, hadi ukasikia kuku wa jirani wanaparua bati. Jumapili ya kwanza ya mwezi tulifunga, na watu walisimama mmoja mmoja kutoa ushuhuda. "Najua kanisa hili ni la kweli," walisema. Mama alisema najua huku machozi yanamtoka. Mimi nami nilisimama nikasema najua, kisha nikakaa haraka, kwa sababu sikuwa na hakika kama ninajua kweli au ninajua kusema tu.

Nilikuwa mtoto wa namna hiyo. Shati langu jeupe nililipiga pasi ya mkaa mwenyewe, nikikuta mkunjo kwenye kola narudia. Nikisahau sala nilikosa raha siku nzima. Mungu nilimwona kama mwalimu wa zamu, anapita mstarini akikagua kucha.

Basi babu akafariki kule Kagera, na bibi akaletwa kuishi nasi. Alishuka kwenye meli asubuhi na mikungu ya ndizi, senene wa kukaanga ndani ya kopo la maziwa, na kikapu kidogo chenye kifuniko. Jioni watu wa kwao waishio Mwanza walikuja kumpa pole. Bibi akafungua kikapu. Alitafuna punje moja ya akamwani yeye kwanza, ndipo akakizungusha, maana kwetu ndivyo mwenye nyumba anavyomwambia mgeni kwamba hapa uko kwenu. Na mfiwa akikupa kahawa kwa mkono wake, unaichukua hata kama huna meno.

Kikapu kilifika kwangu. Nilirudisha mikono nyuma.

"Mimi sili," nikasema kwa sauti ya darasani. "Ni dhambi."

Mzee mmoja akacheka. "Dhambi? Kwani hii bangi, wewe?"

Wengine wakacheka naye. Mama, aliyekuwa anaingia na sinia la ndizi, alisimama mlangoni asijue amtetee nani. Bibi peke yake hakucheka wala hakukasirika. Alinitazama kidogo, akafunika kikapu, akakiweka chini ya kiti chake. Wageni waliobaki hawakupewa.

Nililala nimeridhika. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Tangu siku ile bibi hakunipa kahawa tena. Ila alifanya jambo ambalo sikulielewa kwa miaka mingi. Alitafuta shina la mchaichai, akalipanda kando ya ukuta karibu na bomba, na kila asubuhi akanichemshia majani yake matupu, bila chai. Jirani akitaka kunimiminia kikombe cha chai ya rangi, bibi alimzuia mkono: "Huyo mwache. Huyo ana mwiko wake." Yeye mwenyewe alikuwa Mlutheri, na kila Jumapili alishuka njia ya kulia huku sisi tukishuka ya kushoto. Utani wake aliubakiza kwa wamishonari, vijana wenye tai ambao kanisani kila mmoja aliitwa Mzee. "Mzee gani huyu?" alimuuliza mama. "Kanipa shikamoo sasa hivi, nami nimeitikia marahaba. Mwambie Mzee aje anisaidie kumenya ndizi." Nao walimenya, na mikono ikawa myeusi kwa utomvu.

Nilipokaribia umri wa kwenda misheni nami, kuhubiri kama wale vijana wenye tai, niliketi na rais wa tawi, ndivyo tulivyomwita kiongozi wetu, ambaye siku za kazi alikuwa fundi wa friji. Aliniuliza kwa upole kama ninajua. Kwa mara ya kwanza nikajibu, "Sijui." Hakunifokea. Alisema, "Kijana wangu, hata ukisema natumaini, inatosha." Lakini mimi nilikuwa mtu wa yote au hakuna. Sikuweza kusimama mbele ya watu na tumaini lenye mikunjo. Nikaacha kwenda, Jumapili moja, kisha nyingine. Mama alilia chumbani kwake. Hakunifukuza. Aliacha tu kuniamsha.

Bibi sikumwambia. Niliona aibu. Nilimfunikisha kikapu chake kwa jambo ambalo sasa mimi mwenyewe nimeliacha. Miezi ikapita naendelea kunywa mchaichai wake kama mwizi. Siku moja, amekaa nje anachambua maharage, nikachuchumaa.

"Bibi, mimi kule kanisani kwa mama siendi tena."

"Najua. Viatu vyako vya Jumapili vina vumbi."

"Na siku ile ya kahawa..."

"Ulikuwa unamwogopa Mungu," alisema bila kuinua macho. "Ningekugombezaje?" Halafu akauliza kwa sauti ndogo. "Kwa hiyo nisikuchemshie tena mchaichai?"

Ndipo nilipoelewa kwamba mwiko wangu aliutunza yeye, miaka yote ile, kuliko nilivyoutunza mimi. Nikamwambia achemshe. Akaniambia nilete kikapu. Alitafuna moja kwanza, kwa meno machache yaliyobaki, akanipa nyingine kwa mikono miwili. Ilikuwa chungu na ngumu. Nilingoja woga wa zamani unishike. Haukuja. Kilichokuja ni huzuni kwa ajili ya yule mtoto aliyerudisha mikono nyuma, aliyetaka sana kuwa mwema.

Bibi tumemzika Kagera, karibu na babu. Ule ukumbi una wapangaji wengine, na waumini wana jengo lao mahali pengine; mama bado huenda. Nami Jumapili ya kwanza ya mwezi bado huamka sina hamu ya kula.

Kile kifurushi cha stendi nilikifungua nyumbani. Nilitafuna moja kwanza, kisha nikampelekea mama, nikijua atakataa. Alikataa. Nikaenda ukutani, nikakata mchaichai, nikamchemshia.

Mimi si Mmormoni tena. Nikiulizwa nisichokijua, nasema sijui, na usiku ninalala.