Mwalimu Wako ni Stempu

Siku ya kwanza kazini, pale Iringa, nilifika mlango haujafunguliwa. Nilivaa gauni la kanisani, sina jingine. Afisa Utumishi, ndiye aliyekuwa akiajiri, alikiinua cheti changu kwenye mwanga kama mtu anayekagua yai.

"Umesoma wapi, mama?"

"Nyumbani. Masomo yalikuja kwa posta. Jioni tulikutana kanisani, mwalimu mmoja akatuelekeza."

"Kwa hiyo mwalimu wako ni stempu." Makarani wakacheka. "Haya. Miezi mitatu ya majaribio. Tutakutazama."

Nikapelekwa masijala, yaani chumba cha mafaili. Kila barua inayoingia inagongwa muhuri, inapewa namba, inafungwa kwenye faili lake. Faili likitoka linaandikwa kwenye daftari la mwendo: limekwenda kwa nani, limerudi lini. Kazi hiyo niliizoea upesi. Msomaji wa posta somo la tano linamfikia kabla ya la tatu, jingine linapotelea njiani. Usipoandika tarehe ya kila bahasha, umekwisha.

Miezi mitatu ikapita. Wenzangu waliotoka sekondari walipewa barua za kuthibitishwa. Nikauliza yangu.

"Subiri, Mama Stempu."

Asiyethibitishwa huondolewa siku yoyote, nami nilikuwa na watoto wanne na hakuna wa kunisaidia ila Mungu. Nikasubiri. Wakanihamishia Mbeya, nikapanga chumba Ilomba, barua bado.

Afisa Utumishi wa Mbeya alikuwa mrefu, haongei sana. Siku moja ikatangazwa nafasi ya karani, akanipa maombi niyapange.

"Waliosoma darasani juu, wa posta chini. Huko chini sitafika."

Nikapanga hivyo hivyo, kwa mikono yangu. Hilo nimelitubu. Nikiwa mlangoni na lile rundo, nikaiona barua ya mwisho kabisa, ya binti wa Igawa. Kwenye kona ya kila karatasi alikuwa ameandika tarehe kwa penseli, ndogo. Nikasimama. Halafu nikaingia.

"Mkuu, huyu wa chini naomba umwite."

"Ni ndugu yako?"

"Simjui. Ila mimi pia ni wa posta."

"Na hujathibitishwa. Unajua unachokisema, mama?"

"Najua."

Aliita watu watatu kwa usaili, binti akiwemo. Mkuu alikuwa ameazima mafaili mawili, moja akalichomeka ndani ya lenzake, akarudisha hilo la nje tu. Kweli ndivyo mafaili yanavyopotea. Akawaambia, "Kuna faili la viwanja halionekani. Litafuteni."

Vijana wawili wa sekondari wakavamia makabati, vumbi mpaka kwenye nyusi. Binti akanigeukia.

"Shikamoo mama. Daftari la mwendo liko wapi?"

Akakaa, akasoma kwa kidole. "Siku hii mkuu amechukua mawili. Limerudi moja." Akaenda kabatini, akalifungua lile lililorudi. La viwanja lilikuwa tumboni mwake.

Mkuu akainuka. Alifungua kabati lake la kufuli, lenye mafaili yetu watumishi, ambalo sisi hatukuruhusiwa kuligusa. Akatoa langu, akasoma.

"Miezi mitatu ya majaribio. Mama, hii ni miaka minne!"

"Ndiyo mkuu. Mlisema mnanitazama. Na mimi nimewatazama."

Akacheka, mara ya kwanza kumsikia. Akachukua kalamu, akaandika: Athibitishwe.

Sasa nimestaafu kwa hiari, magoti yamechoka na ngazi. Ninyi mnaosoma jioni mkitoka shambani, sitawaambia dharau imekwisha. Cheti chako bado watakiinua kwenye mwanga.

Ila siku ya kuaga nilipita masijala, ambako sasa yule binti wa Igawa ndiye mkuu. Mezani palikuwa na rundo la maombi ya kazi. Nikayafunua kidogo, mazoea tu: sekondari, posta, posta, sekondari.

"Umeyapangaje haya, mwanangu?"

"Kwa tarehe yalizofika, mama."