Bei ya Gia ya Mguu

Ilikuwa saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi mama alipoteremshwa kutoka kwenye keria ya baiskeli ya mjomba, mbele ya gereji moja hapa Songea, nami nikiwafuata kwa miguu. Leo nimepita kwa mchomeleaji, na kwa harufu ile ya chuma kinachoungua nimeikumbuka asubuhi hiyo yote.

Mama hakuwahi kutembea tangu utotoni. Alitaka kununua pikipiki ya magurudumu matatu, iliyoundwa na fundi na kutumika miaka kadhaa, ili aende mwenyewe sokoni kuuza maharage. Akiikosa, angeendelea kufungwa kwenye keria kama gunia.

Fundi alimsalimia mjomba tu, akamwuliza, "Mgonjwa ataiweza?"

"Mgonjwa yuko hospitali, mwanangu," mama akasema. "Mnunuzi ni mimi."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nipandisheni."

Kiti kilikuwa kimepasuka, na sponji yake ilikuwa na joto la jua. Mama aliibana breki ya mkono mara tatu, kisha akatazama chini. Gia ilikuwa ya mguu.

"Hii unaniuzia ya nini?" mama akauliza. "Miguu yangu haikanyagi. Punguza bei yake kwenye bei ya pikipiki, halafu unichomelee nondo ije mpaka mkononi."

Fundi alicheka mpaka akakalia tairi. "Mama, utanimaliza!"

"Si utabaki na miguu yako miwili?"

Nondo ilichomelewa siku hiyohiyo, na jioni mama akaiendesha polepole hadi nyumbani, nami nimekaa nyuma yake. Fundi alikuwa amempunguzia shilingi elfu kumi na nane, bei ya gia ya mguu.