Kifua cha Mama

Katika yote aliyosema Mama, ndugu yangu alisikia neno moja tu, kifua, akamtumia dawa ya kikohozi. Nimejaribu kulimeza jambo hili na limekataa kushuka. Basi leo nalitema.

Ilikuwa Julai, ile baridi ya Kinoo ya kulala na soksi. Kwetu ukisema una kifua, kila mtu ameshaelewa: umepigwa na baridi, unakohoa, chemsha tangawizi. Mama alimpigia simu ndugu yangu, kifunguamimba wake, anayekaa Spring Valley na magari mawili uani, akamwambia kifua kinamsumbua. Nilikuwa nimeketi naye kitandani. Alimweleza kwamba akipanda kile kilima cha kutoka barabarani kinambana kama amewekewa gunia, maumivu yanapanda hadi kwenye taya, na mkono wa kushoto unakufa ganzi. Siku nyingine akipumzika kilikuwa kinaachilia. Asubuhi hiyo kilikuwa kimekataa, na jasho lilikuwa linamtoka katika baridi ile. Hakukohoa hata mara moja.

Nikamnyang'anya simu, nikamwambia ndugu yangu alete gari upesi. Alicheka. Ati mimi tangu utotoni napenda kukuza mambo, ati mwezi huo Nairobi nzima ina kifua, atatuma mtu wa pikipiki na dawa. Nikasema basi naita teksi. Mama, ambaye neno la mwanawe wa kwanza lilimtosha kuliko la mchungaji, alikataa katakata kuingia.

"Mtoto amesema ni baridi," akaniambia.

Dawa ikaja, akanywa kijiko, akasema imemtuliza. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa amekufa.

Daktari alisema ni moyo. Alisema maumivu ya kifua yanayopanda tayani au kushuka mkononi, tena na jasho, hayangojewi nyumbani hata kidogo. Siku ya mazishi ndugu yangu alishika kipaza sauti akawaambia watu kwamba Mama aliugua kwa muda mfupi, nao wakatikisa vichwa kwa huruma. Nilimchukia palepale, maua yakiwa mkononi. Krismasi nilikataa chakula chake. Akinipigia simu nilimjibu kwa ufupi, nikakata. Na niliomba, Mungu anisikie vizuri, siku moja aonje.

Mwaka huu akaonja. Nilikuwa dukani kwangu mjini, namkatia mteja kitambaa cha pazia, simu ikalia. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Dada, kifua inanibana. Imepanda mpaka kwa taya."

Nikaweka makasi chini. Haki ya Mungu, nilifurahi. 

"Kohoa nisikie," nikamwambia.

Nikamsikia akijaribu, kikohozi kikavu cha kulazimisha, mtu mzima anatii kama mtoto mbele ya nesi. Halafu akaanza kulia, nikajua ameelewa. Nilimwacha alie kidogo. Kisha nikamwambia akae chini, asiguse usukani, ampe mkewe simu. Mkewe nikamwambia ampeleke hospitali kubwa sasa hivi, na wakifika mlangoni wasitaje kifua, waseme ni moyo. Nikafunga duka, nikawafuata.

Madaktari walimwahi. Watu wa nyumbani wakaanza kunisifu, ati nimesamehe, ati damu ni damu. Wapi! Nilipoingia wodini alinishika mkono, akaniuliza kama nimemsamehe kweli, maana ningeweza kumwacha afe.

"Nilitaka upone," nikamwambia. "Ukae miaka mingi, na kila siku ujue Mama pia angepona."

Akageukia ukuta. Nikamfunika miguu vizuri, nikaenda kumchukulia dawa zake.