Nyani Aliyetundikwa Ngazini

Juzi, kwenye dirisha la duka la picha kuukuu katikati ya London, nilimwona tena yule nyani. Amekalia pipa la baruti, kiberiti mkononi. Sasa najua ni katuni ya magazeti ya Kiingereza ya zamani, ya kuwakejeli wapigania uhuru wa Ayalandi. Utotoni nilidhani ni nyani wa sarakasi.

Mwenye nyumba tuliyopanga Hounslow, pembezoni mwa London, aliitundika picha hiyo ukutani ngazini, mbele ya mlango wa Bi Nora, jirani wa Kiayalandi aliyenitunza mama akiwa kazini. Mchana ule ngazi zilinuka kabichi iliyochemshwa. Nilimvuta Bi Nora gauni ili aone.

"Huyo ni babu yangu," alisema bila kucheka. Niliamini kabisa, nikayachungulia masikio ya Bi Nora nione kama yanafanana na ya nyani.

Alimwomba mwenye nyumba aiondoe picha ile. Yule bwana alicheka hadi akakohoa. "Hujui utani, Nora?"

Bi Nora aliingia ndani, akatoka na mkasi na kadi ya Krismasi yenye picha ya bwana huyo, aliyowagawia wapangaji wote. Alikata taratibu, akambandika nyani kichwa cha mwenye nyumba, palepale ukutani.

Jioni wapangaji walijaa ngazini, wakicheka. Mwenye nyumba alipopanda, uso ulimwiva mwekundu hadi shingoni.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi," alisema Bi Nora. "Itoe mwenyewe, tukikutazama. Ukitundika nyingine, kadi zako bado tunazo."

Aliitoa, akashuka nayo.